Pikipiki Ilipokuwa Ikirudi

Mjukuu wangu akipasha mafuta ya mbarika apake nywele, mimi hutoka nje.

Mafuta hayo ndiyo aliyokuwa akiyatia fundi mmoja kwenye injini ya pikipiki ya mbio ya Kiingereza, katika barabara iliyonyooka nje ya Kitale. Nilikuwa msichana, nimembeba mgongoni mdogo wetu wa mwisho, nikimpeleka kwa shangazi akapate maziwa. Tangu tumzike mama, alikuwa mtoto wangu. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana yake.

Mzungu aliyetaka kuvunja rekodi ya mwendo alipita nayo, na vumbi lenye harufu tamu ya mafuta yaliyoungua likatufunika. Mtoto akalia, vidole vyake vikining'ang'ania shingo.

"Si uende, dada? Toto inalia," fundi akasema.

"Kwani amemaliza?"

"Bado. Saa hii alisukumwa na upepo. Lazima arudi akipigana nao, ama hiyo mbio haihesabiwi. Kule mwisho wa barabara wanafungua plagi kwanza, waone kwa rangi yake kama injini iko sawa."

"Basi nangoja."

"Na huyo?"

"Atanyamaza."

Jua likapanda. Kilio kikageuka kwikwi, kisha kikaisha, na vidole vikalegea shingoni mwangu. Nikafurahi, maana sasa niliweza kuisikia pikipiki ikija.