Marehemu alihama ukurasa mara tatu katika cyber ya Kabati

Ko. Ko. Ko.

Wakuu, hiyo ni fimbo kwenye saruji ya veranda. Niliisikia kabla ya kuona mtu, nikajua mteja anayekuja ana hasira. Mtasema natunga kwa sababu naandika riwaya, lakini hii sijaitia chumvi hata punje.

Riwaya haijaanza kunilisha, kwa hivyo mchana nachapa eulogy, vile vijitabu vya wasifu wa marehemu, katika duka la kompyuta hapa Kabati.

Aliyeingia ni Mwaitu Nduku, mjane wa kwanza wa mzee mmoja muuza ng'ombe. Hatua tatu nyuma yake, Mwaitu Kavata, mjane wa pili. Kwetu mama wa rika hilo unamwita mwaitu, upende usipende.

Walikuwa hawasemezani. Hata salamu zao zilipitia kwa watoto.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Katika kijitabu kila mjane alikuwa na ukurasa wake, na mzee alikuwa na picha moja tu nzuri.

"Picha ikae kwangu," Nduku akaniambia. "Ikienda kwa huyu, kesho sikanyagi kanisani. Mzikeni wenyewe."

Hakuwa anatania.

Nikaiweka picha ya mzee mwishoni mwa ukurasa wa Nduku. Akatulia, kofia imeinama kidogo, uso kama shamba linalongoja mvua.

"Ongeza kwamba matuta yote ya shamba nilichimba mimi."

Nikaongeza. Mzee akaruka hadi ukurasa wa Kavata.

Kavata akaangalia dari.

Nikapunguza picha, mzee akarudi.

"Andika pia niliongoza kwaya."

Nikaandika. Mzee huyoo, kwa Kavata tena!

"Wewe kijana, umetumwa na huyu?"

"Aca, hapana mwaitu! Inaenda yenyewe!"

Jasho lilinitoka hadi kwenye mouse. Nikampunguza mzee tena mpaka akatoshana na stempu, akarudi nyumbani.

"Malizia hivi," Nduku akasema, sauti imeshuka. "Nilimuuguza hadi siku ya mwisho."

Nikaandika polepole. Mzee akaondoka polepole.

"Mwache tu," Kavata akasema. "Hata akiwa hai hukuweza kumzuia."

Wakuu, nilitafuta mahali pa kujificha. Nduku alimgeukia, midomo ikamtetemeka, kisha kicheko kikamtoka kutoka tumboni. "Huyu mwanamume! Hata kufa hajaacha!"

Wakacheka wakishikana mabega, machozi yakiwatiririka.

Kosa lilikuwa langu. Picha niliiacha in line with text, yaani ndani ya mstari wa maneno, na ikiwa hivyo inahesabiwa kama herufi kubwa tu: ukiongeza mistari juu yake, inasukumwa chini. Kadiri Nduku alivyojisifu, ndivyo alivyompeleka mume kwa mke mwenza.

Dawa ni hii: bonyeza picha, nenda wrap text, chagua square, kisha fix position on page. Nikafanya hivyo na kumrudishia mzee ukubwa wake. Maneno ya Nduku yakamzunguka, yeye hakutikisika.

"Amezingirwa," Kavata akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Na mimi nibaki na nani?"

Nduku akanigusa na fimbo. "Hiyo mashine haiwezi kumtoa wawili?"

Copy. Paste. Mzee akawa katika nyumba mbili kwa wakati mmoja, jambo lililomshinda maisha yake yote. Nduku alipima picha zote mbili kwa vidole, akaridhika kwamba zinalingana.

Funzo langu: funga picha kwanza, ndipo umruhusu mteja kujisifu. Mwenye njia rahisi zaidi aimwage hapa chini, pamoja na aliyewahi kutorokwa na marehemu.

Na waliondoka hivi. Nduku alikunja nakala ya kwanza, akafika mlangoni, akasimama.

"Kavata, kesho ukae karibu na mimi pale mbele. Usiniache peke yangu."

"Nitakaa."

Kavata akatoka wa mwisho, akavuta mlango, ukajifunga taratibu nyuma yake.