Somo la Mpunga

Somo la mpunga ndilo lililoniponza. Shule yetu ya misheni ilikuwa juu kule Mufindi, kwenye baridi na ukungu, na watoto wa pale hawakuwahi kuona jaruba. Nikatafuta picha katika vitabu vya kabati, maana kabati ndiyo ilikuwa maktaba yetu. Nikapanga kipindi kiangukie saa ya mazungumzo ya kilimo redioni, na dereva wa lori la mbao akaniletea masuke mabichi kutoka Chimala. Siku hiyo hiyo akaja mkaguzi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema hajaona somo kama lile.

Mimi nilikuwa nimeomba uhamisho, nirudi kwetu Mbeya, mama alikuwa anaugua. Mwalimu mkuu akaniita, akanikabidhi ufunguo wa kabati na redio pamoja na betri yake, kama mtu anayetoa zawadi.

“Na uhamisho wangu, mwalimu?”

“Sasa ukienda, haya yote nimwachie nani?”

Muhula ulipokwisha aliandika ubaoni kwamba shule imefungwa. Watoto wakafunguliwa, wakateremka mlima wakiimba. Mimi nikafungwa nayo, kwa sababu vitabu vina panya na redio ina wezi.

Likizo nzima niliandaa somo jipya la ramani: safari ya kutoka Iringa hadi Mbeya. Watoto waliporudi waliikariri barabara ile yote, mji baada ya mji.

Mkaguzi akalisifu nalo.