Pumzi za Mdogo Wangu kwa Kimakonde

Moshi wa maganda ya korosho ukinipata njiani hapa Newala, hunikumbusha siku moja. Siku ile ulikuwa umejaa uani. Mdogo wangu aliungua kwa homa, na bibi alikuwa anakwenda kuazima baiskeli ya kumpeleka hospitali.

"Hesabu pumzi zake kwa Kimakonde," aliniambia. "Asikie sauti ya nyumbani, asiende mbali."

"Bibi, najua mpaka tano tu. Sita ni nini?"

"Tano na moja. Kwani shuleni mnafundishwa nini, mjukuu wangu?"

Akaondoka. Nilihesabu, kiganja changu juu ya kifua chake. Kwenye tano na tatu kifua kilishuka, hakikuinuka tena. Sikuthubutu kutamka tano na nne. Bibi aliporudi na baiskeli alinikuta mkono wangu ukiwa palepale kifuani pake.