Sauti ya Kwenye Kibanda cha Kreni

Sauti zinazosifika duniani huwaamuru watu wachome miji au waanzishe dini. Iliyomjia Kunguru ilimuuliza kama amekula.

Ilianza miezi michache baada ya kumzika mkewe. Alikuwa juu kwenye kibanda cha kreni, katika yadi ya vyuma alikozeekea, na jua lilikuwa kali. Akasikia nyuma ya sikio la kushoto, kwa sauti ileile ya marehemu, na ukali wake uleule: "Wewe, umekula?"

"Bado," akajibu, kabla hajakumbuka kuwa anayemjibu ni maiti.

Aligeuka. Palikuwa na kizimamoto na koti lake. Hakuogopa, na hilo ndilo lililomshangaza. Kesho yake alibeba chakula, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu msiba. Sauti ilirudi mara mojamoja, ikauliza, ikajibiwa, ikaenda zake. Kazi haikuharibika hata siku moja.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, na ukimtazama utasema alichagua vizuri. Shemeji, kaka wa marehemu, ndiye aliyekuwa mpiga ishara wake. Dereva wa kreni haoni nyuma ya marundo ya mabomba. Huona mikono ya mtu aliyesimama chini, basi. Kiganja kikitazama ardhi, anashusha. Ngumi ikifungwa, anasimamisha, hata kama macho yake yanamwambia vingine. Kwa miaka mingi Kunguru aliiamini mikono ile kuliko macho yake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kupoteza hata kidole. Tena alidhani Shemeji atafurahi. Dada yake si anamsalimu mtu, jamani?

Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Mungu ni mkubwa." Wiki haikuisha, bosi alikuwa na habari zote.

"Kreni yangu haibebi majini," bosi alisema. "Shuka. Ukapimwe akili kwanza."

Kunguru akapewa fagio. Yadi nzima ikapata cha kucheka.

"Kunguru! Mkeo hajambo huko juu?"

"Mwulizeni leo kapika nini!"

Alifagia, akingoja Shemeji apite peke yake. Alipopita, alimshika mkono.

"Shemeji, nilikukosea nini?"

"Hukunikosea."

"Basi kwa nini?"

Shemeji aliuvuta mkono, haukutoka. "Nimezaliwa naye tumbo moja. Nimembeba mgongoni huyo kabla wewe hujamjua. Mimi sijasikia hata chafya yake. Anakuja kwako, kukuuliza habari za tumbo!" Akajinasua. "Nikasema labda unaumwa. Ingekuwa afadhali uwe unaumwa."

Kunguru alibaki na fagio lake. Alikuwa amejiandaa kusikia tamaa ya kiti chake cha kreni, maana tamaa angeielewa. Wivu juu ya marehemu hakuwa na pa kuuweka.

Daktari aliyempima alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoshuka puani.

"Sauti inakuambia ufanye nini, mzee?"

"Nile."

"Na unakula?"

"Nakula."

"Inakutisha? Inakukosesha usingizi? Inakutuma kujidhuru, au kudhuru mtu?"

"Mke wangu?" Kunguru alikaribia kukasirika. "Hata kuku alikuwa hachinji."

Daktari aliandika kidogo. "Wafiwa wengi huwasikia waliowapoteza, au huwaona. Peke yake si wazimu. Ikianza kukuamrisha au kukutesa, rudi upesi, usione haya. Wengi wana mambo haya, ila hawasemi."

"Kwa nini hawasemi?"

Daktari alilitazama vumbi la yadi kwenye magoti ya suruali ya Kunguru. "Nadhani wewe unajua kuliko mimi."

Akarudishwa kazini akiwa na akili timamu, kwa muhuri. Alipanda ngazi, akaketi, akainua mabomba na kuyapeleka nyuma ya rundo. Chini, Shemeji akanyoosha mkono, kiganja kikitazama ardhi: shusha.

Mkono wa Kunguru ulikuwa kwenye kishikio cha kushushia. Haukusogea.

Shemeji akarudia. Shusha, shusha. Mabomba yakaning'inia. Wafagiaji wakasimama, vichekesho vikawaishia. Mwishowe bosi mwenyewe alikuja mbio, akamsukuma Shemeji kando, akaanza kupunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Kwa ishara hizo mbovu, Kunguru akautua mzigo taratibu, salama.

"Una nini tena?" bosi alifoka. "Umeisikia?"

"Leo sijasikia kitu, bosi. Nipe mpiga ishara mwingine."

"Huyu amekosea wapi? Mkono wake ulikuwa sahihi!"

"Sahihi kabisa," Kunguru alisema kutoka dirishani. "Hata aliyokuambia yalikuwa sahihi."

"Daktari kasema una akili zako!"

"Ndiyo maana."

Bosi alishika kiuno. "Mwingine sina. Ni yeye, au ushuke."

Kunguru alizima mashine. Akachukua koti lake na chakula chake ambacho hakuwa amekigusa, akaanza kushuka ngazi, uso ukitazama vyuma. Chini, Shemeji alisogea kumpisha. Kunguru akapita.