Mstari wa Mukwa

Hapana, hapo kwa paji la uso usipake. Paka mashavu, paka shingo, paka hata masikio ukitaka, lakini huo mstari uache vile uko. Bado hujauliza, lakini hilo swali nimeliona likikuja tangu ulipokuwa unanawa mikono. Si kovu. Sikupigwa na mtu, sikugonga mlango. Ni mstari wa mukwa, ule mkanda wa ngozi tulikuwa tunabebea kuni. Mkanda unakaa hapa juu ya nyusi, mzigo unalala mgongoni, na wewe unainama unatembea ukiangalia vidole vya miguu. Na huu unaouona ni wa pili. Wa kwanza uliisha. Uliisha kwa krimu kama hiyo umeshika.

Haiya, leo umenyamaza! Mjukuu wangu mwenye spa hapa Ruiru, yule anaongea na wateja kama redio: "Karibu mami, rilaksi mami, hii itakurudisha nyuma miaka ishirini mami." Mimi ukinirudisha nyuma miaka ishirini utapata nini? Utapata mzee mwingine tu, mwenye meno mawili zaidi. Kama kunirudisha, nirudishe mpaka wakati wa Imajensi, Wazungu wakipigana na Mau Mau. Huko ndiko nilikuwa na uso. Endelea kupaka, mimi nitaongea.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Bwana yangu wa kwanza, si babu yako, babu yako alikuja baadaye kabisa, alikuwa anafanya kazi kwa mashine ya kuosha kahawa, shamba moja hapa katikati ya Ruiru na Thika. Mtu mrefu, mwenye mzaha. Alikuwa ananiitanga "bibi ya mfalme" nikiwa nimebeba debe la maji, na maji yananimwagikia mpaka kwa miguu. Asubuhi moja askari wakazunguka nyumba za wafanyakazi. Wanaume wote wakakalishwa chini, mikono kwa kichwa. Wengine wakaachwa, wengine wakapandishwa kwa loli. Yeye akapandishwa. Sikujua alifanya nini, na mpaka leo sijui kama alifanya kitu. Loli ikaanza kuondoka, na yeye, na hiyo midomo yake ya mzaha, akapiga kelele watu wote wakasikia: "Usizeeke wewe! Nirudi nikukute hivyo hivyo!"

Wanawake wengine walikuwa wanalia. Mimi nikacheka na machozi. Halafu nikarudi kwa nyumba na hayo maneno, nikayaweka kama mtu ameniachia kazi. Usizeeke. Hakuniambia chunga mbuzi wala chunga shamba. Aliniambia usizeeke.

Baadaye tukahamishwa na serikali, tukarundikwa kwa kijiji, nyumba zimebanana, mtaro umezunguka na geti moja. Niliishi na mama yake, nyumba moja, jiko moja. Huyo mama mkwe wangu, wacha nikuonyeshe. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anatafuna: "Mu-hi-ki... njo-o... u-cho-che-e moto." Muhiki ni bibi arusi. Aliniita hivyo miaka yote, hata bwana arusi akiwa hayuko. Na yeye alikuwa na mstari wa mukwa kuliko wanawake wote nimewahi kuona. Haukuwa mstari, ulikuwa mfereji. Mvua ikinyesha maji yanapita hapo yanaenda masikioni. Alikuwa anasema mwenyewe, akicheka.

Sasa kazi. Kulikuwa na memsahib mmoja, mama wa Kizungu, upande wa Thika, amefiwa na mzee wake, kahawa imemshinda. Akafungua chumba nyuma ya nyumba, cha kupaka memsahib wengine sura. Hakuita spa. Aliita "rumu ya uso". Wale memsahib wa mashamba ya kahawa na ya mananasi walikuwa wamechomwa na jua mpaka wamepasuka kama ukuta wa udongo, na kila mmoja anataka kurudi vile alikuwa akishuka meli. Memsahib alikuwa anapika krimu mwenyewe kwa sufuria: nta ya nyuki, mafuta ya manyoya ya kondoo, maji ya waridi. Anakoroga na mwiko wa mbao, anaonja na kidole kama supu. Mimi nilichukuliwa nioshe taulo. Siku moja akashika mkono wangu, akaugeuza, akasema una joto nzuri. Akanifundisha kusugua.

"Juu! Juu! Hapana chini! Uso nataka kwenda juu! Wewe navuta chini, memsahib nakuwa mbwa!" Na anavuta mashavu yake kuonyesha, anakuwa mbwa kweli. Nikajifunza. Kidole kinatoka kwa kidevu kinapanda, kinazunguka jicho bila kuligusa, kinamalizia kwa paji. Taulo ya moto juu. Memsahib wanalala hapo wananong'ona, mmoja anaongea kama bata, mwingine anapumua kama punda amepanda kilima. Mmoja alikuwa ananiuliza kila mara, macho yamefungwa: "Iko mzuri sasa? Iko kijana?" Mimi nasema, "Ndio memsahib, iko kijana sana." Yeye anatoa mkono wake kwa taulo, anashika wangu kidogo, halafu anaurudisha. Huyo nilikuwa namhurumia. Sijui ni nani alimwambia asizeeke.

Haya. Siku moja memsahib yangu akanisimamisha kwa dirisha. Akagusa hapa. "Hii nini? Hii laini?" Nikasema hiyo laini ni mstari wa kubeba kuni, memsahib. "Hapana! Memsahib yote naingia, naona wewe kwanza. Naona hii laini, nasema krimu yangu hapana fanya kazi! Wewe hapana beba kuni tena. Wewe paka krimu, kila siku paka, mpaka hii naisha." Akanijazia kichupa. Kumbe mimi ndio nilikuwa bango lake.

Nikaenda nyumbani nikamwambia mama mkwe, nikiigiza hivyo hivyo, "Memsahib nakuwa mbwa", na mama akacheka mpaka akashika mbavu. Huo wakati hakukuwa na kitu cha kuchekesha kijijini. Watu walikuwa wanachimba mtaro, wanabeba mawe, wanazika watoto. Mimi nilikuwa narudi jioni na memsahib wote kwa mdomo wangu, namwangushia mmoja mmoja hapo kwa moto. Halafu nikamwambia lakini, mama, hii ya kuni haiwezekani, nitakataaje kubeba na wewe unabeba? Nitaacha hiyo kazi.

Akatafuna, bila chakula. Akasema, "Kazi usiache. Na kuni nitabeba mimi. Mtoto wangu alisema asikukute umezeeka. Mimi hakusema kitu juu yangu."

Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa. Asubuhi nikaamka nikakuta mukwa umeondoka msumarini na yeye ameondoka nao.

Ikawa hivyo. Wanawake wanatolewa kwenda kuni wamefuatwa na homgadi, wale watu wetu walioshikia Wazungu bunduki, yeye yuko kwa mstari, mzee kuliko wote, mimi naenda upande ule mwingine na karatasi ya ruhusa ya memsahib mkononi. Kwa geti kulikuwa na homgadi mmoja alinijua. Alikuwa na sauti kama anaongea ndani ya mtungi: "Simama hapo mrembo! Rete kipande! Na hiyo harufu ni ya nini? Unanukia kama keki ya mzungu!" Halafu anafungua geti. Hakunigusa hata siku moja, huyo. Alisoma karatasi, akafungua. Lakini wanawake walikuwa wanaangalia. Kwa foleni ya maji nilikuwa nawasikia, na hawakuwa wananong'ona ili nisisikie: "Wengine wetu geti inafunguka na ngumi. Wengine inafunguka na mashavu." Nikirudi nilikuwa namuigizia mama hata hao. Lakini hapo hakucheka sana.

Jumamosi nilichimba mtaro kama watu wengine, usifikiri. Lakini jioni nilipaka. Mikono yangu hata haikupata nafasi ya kukomaa, imeshinda kwa mafuta juma nzima. Na ule mstari ukaanza kwenda. Kwanza ukawa kama alama ya kulalia mkeka. Halafu ukawa unaonekana kwa jua peke yake. Halafu nikawa nautafuta kwa kioo cha memsahib siuoni. Nilifurahi! Nilisema sasa akija hata kesho atanikuta.

Mara moja nilimlaza mama chini, nikamwambia leo wewe ni memsahib, funga macho. Nikampaka. Kidevu, mashavu, juu, juu, hapana chini. Akaniambia na sauti ya yule memsahib niliyekuwa namhurumia, mara ya kwanza na ya mwisho yeye kuigiza mtu: "Iko kijana?" Nikasema iko kijana sana. Nikafika kwa paji, kidole changu kikaingia kwa ule mfereji kikalala humo ndani, kikatosha kabisa, kama kimetengenezewa kitanda. Nikasugua nikasugua. Akashika mkono wangu. "Wacha, muhiki. Hiyo imefika kwa mfupa. Weka krimu yako."

Mstari huu wa pili, huu unaona, niliutafuta mwenyewe baadaye. Nilibeba kuni za kuuza huko Thika, karibu na viwanda, wakati ningeweza kuuza kitu kingine chepesi. Watu walishangaa. Hata babu yako alipokuja kunioa alisema nunua mkokoteni. Lakini nilikuwa nataka urudi. Ukarudi. Ndio maana usiuguse.

Sasa kurudi kwa huyo bwana wa kwanza. Wanaume walianza kuachiliwa kutoka kambi za kizuizi kidogo kidogo. Siku yetu ilikuwa mchana, jua limewaka, mimi sikuwa nimeenda kazi. Nikasikia kelele kwa geti. Nikanawa uso haraka, nikafunga kitambaa changu safi, nikasimama ndani kwa nyumba nikitazama mlango.

Aliingia akiwa mdogo. Ule urefu sijui ulienda wapi. Nywele zimetoka, mguu mmoja anauvuta, na kitu kidogo kimefungwa kwa blanketi. Mama akalia sauti moja tu, akamshika. Halafu akaniangalia mimi. Nikangoja mzaha. Nilingoja aseme "bibi ya mfalme".

Akasema, "Huko kwa geti nimesalimia mama mmoja. Nikamwita mama, nikainama kidogo. Akaniambia, kwani hunijui? Akasema yeye ni nani. Ni yule wa rika lako, mliolewa mwezi mmoja."

Akaja karibu. Akashika kidevu changu, si kwa ubaya, akanigeuza nitazame mlango penye mwangaza. Akapitisha kidole gumba hapa, kutoka upande huu mpaka huu. Kikateleza. Akarudia, kikateleza.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Laini ya mukwa. Nilikuacha nayo." Akashika mkono wangu, akaufungua, akauangalia kiganja kama anaangalia kitu ameokota barabarani. "Wanawake wote hapa wamekwisha. Wewe kuni ulikuwa unaletewa na nani? Ni yule homgadi wa geti, vile huyo mama ameniambia?"

Nikaogopa. Na mimi nikiogopa, unanijua, mdomo unaanza kuigiza peke yake. Nikaanza kumweleza na sauti za watu: "Hapana beba kuni tena! Memsahib nakuwa mbwa! Juu, juu!" Nikavuta mashavu yangu kumuonyesha. Hakuna mtu alicheka. Nilisikia sauti yangu ikizunguka humo kwa nyumba kama kuku ameingia akakosa mlango. Nikaachilia mashavu.

Mama akaona vile macho ya mtoto wake yamekaa, akajua anafikiria geti, anafikiria homgadi. Akataka kuniokoa. Alisema haraka, yeye ambaye hakuwahi kusema kitu haraka: "Si mtu mwingine! Hakuna mwanaume alileta kuni hapa. Ni mimi. Kuni nilikuwa nabeba mimi, siku zote. Nilimkataza yeye."

Bwana yangu akaachilia mkono wangu. Akaenda kwa mama yake, akapiga magoti na ule mguu mbaya, akaweka kidole kwa paji lake. Kidole kikalala ndani ya ule mfereji. Kikakaa hapo. Mama akawa anasema, "Ni wewe ulimwambia asizeeke, si ni wewe?" lakini sidhani alikuwa anasikia.

Halafu bwana yangu akaniambia, bila kugeuka, bila hata kupandisha sauti:

"Miaka hii yote hukubeba kitu. Beba huo uso wako uende."