Hata Vikaragosi Wana Mkalimani

Kile kimashine cha michezo nilikinunua Mbarara, kwa mfanyabiashara Mwislamu anayeuza simu zilizotumika, redio na nyaya za kila aina. Nilikwenda kutafuta chaja. Akaniwekea mkononi kitu cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, chenye kioo na vitufe. "Mama, hii mzuri sana," akasema. "Betri iko. Na iko na Kifaransa, lugha yenu nyinyi watu ya Congo." Kifaransa si lugha yetu, lakini nilikisoma shuleni kabla vita havijatutoa Kivu ya Kusini. Nikakinunua.

Ndani kulikuwa na mchezo mmoja tu, wa mahakama. Wewe ni wakili. Mteja wako hana kosa, mashahidi wanadanganya, na kazi yako ni kuwabana kwa maswali mpaka uongo uchomoze. Mimi ni msusi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, na wateja wanapokosekana mchana nilikuwa nakaa na kesi zangu. Nilishinda zote. Nikawa namtambia kaka yangu kwamba siku akishtakiwa asihangaike, wakili yupo nyumbani. Maneno huumba.

Kitu cha kwanza kuniudhi katika mchezo ule kilikuwa chakula. Picha inaonyesha bakuli la tambi na vijiti viwili, maneno yaliyo chini yanasema jamaa anakula nyama na chipsi. Watu wanavua viatu mlangoni, wanakaa kwenye mikeka, milango ni ya karatasi, halafu unaambiwa huu ni mji wa Wazungu na wote wamezaliwa hapo. Mchezo ni wa Kijapani, hata mimi msusi niliona. Waliotafsiri waliwahamisha watu wale wote, wakawapa majina mapya, wakawafundisha kusema hawakutoka popote. Nilikasirika kwelikweli. Mimi pia nimehamishwa, lakini nikiulizwa kwetu ni wapi, nasema.

Ila haki yao niwape: hawakuruka neno. Shahidi kikongwe akianza na habari za mbwa wake na miguu yake inayouma kabla hajafika kwenye mauaji, wametafsiri mbwa, wametafsiri miguu. Kigugumizi kimetafsiriwa. Kilio kimetafsiriwa. Na mara nyingi ushahidi wenyewe umo humo kwenye habari za mbwa.

Muziki haukuguswa, uliletwa jinsi ulivyo, nao ndio nilioupenda kupita vyote. Shahidi anapoeleza, kinanda kinatembea polepole. Ukimshika uongo wake, muziki unakatika ghafla, kimya kinatanda, na wakili ananyoosha kidole na kupaza sauti kwamba anapinga. Hapo ngoma zinaingia, kinanda kinakimbia, na mwili wako unajua umeshinda kabla hujasoma chochote. Nilikuwa nauimba nikisuka, wateja wakidhani ni pambio jipya.

Basi ndama wa mfugaji mmoja wa Masha, nje ya kambi, akapotea, na mtu akasema alimwona kaka yangu akimswaga ile jioni ya mvua kubwa. Askari wakaja wakamchukua. Mke wake siku hiyo ya mvua alikuwa Kabingo kwa dada yake, hakuwa na la kutusaidia. Tulipomuuliza kaka mwenyewe alikuwa wapi, alisema tu, "Sikukuwa Masha," akageuza uso.

Mahakamani tulipewa mkalimani mwenye Kiswahili cha kituo cha polisi, kile cha kuamrisha. Kaka akasimama. Kwetu mtu hajibu shtaka kwa neno moja, hiyo ni dharau. Unasalimu wakubwa, unasema umetoka wapi na siku ilianzaje, ndipo unafika. Akafanya hivyo, macho chini, na katikati ya habari za mvua akasema jambo ambalo hata mimi sikulijua.

"Njia ilikuwa na matope mingi, pikipiki ilikatala kupita. Mama-mukwe alikuwa na homa, anatetemeka. Ku nyumba hakukuwa mutu mwingine. Nikamubeba ku mugongo mupaka fasi ya barabara. Munisamehe, bakubwa. Nasikia haya kusema hii mbele ya batu."

Wakongo waliokuwa kwenye mabenchi wakainamisha vichwa. Kwetu mwanamume hampi mama mkwe wake hata mkono. Wakikutana njiani, mmoja hupita majanini. Kumbeba mgongoni, kisha kulitamka hadharani, ni kujivua nguo. Ndiyo maana alinyamaza kwa polisi na kwetu pia.

Mkalimani akapiga mwayo. Akamgeukia hakimu, akasema kwa Kiingereza kwamba mshtakiwa anasema hakuwepo.

Basi! Mtu wa kuchorwa, asiye na mama wala kaburi, ametafutiwa mkalimani wa kumtafsiria hadi mbwa, na ndugu yangu wa damu anapewa mwayo. Nikasimama, nikanyoosha kidole. "Nakataa! Hakusema vile! Sema yote!" Na mwili wangu, mjinga, ukasubiri ngoma. Hazikuja. Hakimu aliuliza huyo mwanamke ni nani, mkalimani akamjibu anavyojua yeye, na askari akanivuta nje. Kaka akarudishwa rumande.

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa. Ya mkweli wetu ni ndefu, na ndiyo wanayoikata.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama mkwe, shamba lake lilipakana na la kaka. Alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza.

"Alisema mbele ya batu?"

"Alisema, mama. Hawakumusikia."

Akaendelea kuchambua hadi ungo ukaisha.

Kesi iliporudi, alikuja. Alijifunika kitenge kichwani, akampa kaka mgongo, na kaka akaficha uso kwenye viganja. Mama yule hakusalimu, hakuanza mbali. "Ile siku ya mvua, huyu alinibeba ku mugongo yake. Hakuiba." Mkalimani akatafsiri yote, maana hapakuwa na cha kukata. Hakimu akamuuliza maswali machache, kisha kaka akaachiwa.

Watu wananiambia nishukuru. Sishukuru! Mama wa watu alilazimika kujifupisha mpaka atoshe mdomoni mwa yule mkalimani, na kilichokatwa ni heshima yake. Baada ya maneno yale hakuweza tena kuishi mahali ambapo mkwewe angepita mbele ya mlango wake. Alihamia mwisho mwingine wa kambi, peke yake.

Kimashine ninacho bado. Wakili akinyoosha kidole, nakizima kabla ngoma hazijaingia. Juzi mvua ilinyesha, njia zote tope. Kaka yangu alikaa mlangoni akitazama upande ule alikohamia mama mkwe wake. Mama yule akishikwa na homa leo, wa kumbeba hayupo.