Maji Yaliyolala

Juzi, katika maktaba ya Skärholmen, binti yangu aliweka kidole kwenye ramani ya vijiji vya Wainuiti, watu wa nchi za barafu. "Baba, kwa nini hawahamii kwenye joto?" aliuliza kwa Kiswidi.

Nilikumbuka alasiri moja ya utoto wangu kando ya mto mkavu, Dodoma. Baba, nguzo zikiwa begani, alitaka tujenge karibu na barabara. Mama aliketi juu ya mawe, akakataa kuinuka.

"Tutakula mawe, Mama Neema?" Baba aliuliza.

"Hapa maji yamelala. Siondoki."

Nikaanza kunyata, nisije nikayaamsha. Mama alifukua mchanga kwa kata mpaka ukanukia unyevu, kisha maji yakajikusanya taratibu shimoni. Baba alikunywa, akatua nguzo. Tukajenga hapo.

Sasa najua kwamba mto ule ulikuwa ukipita chini ya mchanga. Najua pia kwamba baadhi ya vijiji vya ramani ile viko karibu na mahali ambapo mkondo huzuia bahari isigande, na sili, wanyama wa baharini wanaowindwa huko, hutokeza hapo kuvuta pumzi.

"Chakula chao, sili, kinapumulia hapo," nilimjibu.

Aliondoa kidole polepole. "Basi tusiwashtue," alinong'ona, safari hii kwa Kiswahili.